JOTO LA MABATI NA MAJI YA USIKU
Jinsi hesabu ya darini inavyofanywa, na jinsi inavyokosewa kwa hasara yetu



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mshahara, likizo na malipo ya kuumia kazini. Safari hii tunawaomba muinue macho mtazame juu, pale kati ya dari na mabati ya nyumba tunazolala. Mahali pale hapana mtu. Hapana kitanda, hapana jiko, hapana dirisha. Panya na popo ndio wapangaji. Lakini mahali pale pasipo na mtu ndipo panapoamua kama sisi tulio chini tutalala au hatutalala, na kama watoto wetu watakohoa au hawatakohoa.

Sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulijifunza kwa sababu ya ajali.

AJALI YA ZAMU YA USIKU

Katika shamba moja la miwa, upande wa mashariki mwa Uganda, mwenzetu wa zamu ya usiku alisinzia karibu na mkanda wa kubeba makapi ya miwa. Mkanda ukamvuta mkono. Alipona, lakini vidole viwili havikupona. Mwajiri akaandika sababu: uzembe wa mfanyakazi.

Tulikwenda kumtazama nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nyumba ni chumba kimoja cha kambi, mita 3 kwa 4, dari ya mbao laini na juu yake mabati ya zamani yaliyoshika kutu. Tulikaa nusu saa tukatoka tumelowa jasho. Tukamwuliza, "Ndugu, wewe ukitoka zamu asubuhi unalala wapi?"

Akajibu, "Hapa hapa. Nikifika saa mbili nalala kidogo. Ikifika saa tano siwezi tena, natoka nakaa chini ya mwembe mpaka jioni."

Basi tulihesabu naye. Saa tatu za usingizi kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hatuwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya ajali. Lakini mtu anayelala saa tatu akisimama penye mkanda saa tisa ya usiku, kumwita mzembe ni kumwonea.

Katika mazungumzo na mwajiri tukalileta jambo la nyumba. Mwajiri hakukataa kusikiliza. Baada ya majuma kadhaa alileta karatasi za mhandisi wake, zimepigwa chapa vizuri, zina michoro ya rangi. Karatasi zilisema nyumba za kambi zimehesabiwa kwa kompyuta, saa kwa saa, mwaka mzima, na joto la chumbani halipiti la nje ila kidogo tu. Kwa hiyo hakuna la kutengeneza.

Hapo wengi wangenyamaza. Sisi wenyewe shule yetu ni ya msingi, na karatasi ya kompyuta inatisha. Lakini wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulinunua vipimajoto vitatu dukani, vile vya kawaida. Kimoja tulikitundika kivulini nje, kimoja chumbani, cha tatu tulikipitisha kwa kamba katika tundu la dari mpaka juu. Saa nane mchana cha nje kilisoma nyuzi 30, cha chumbani nyuzi 36, na cha darini kilipita 50.

Tukarudi kwa mhandisi. Ni kijana mwenye adabu. Tukamwuliza, "Bwana Mhandisi, katika hesabu yako, darini uliandika joto gani?"

Akafungua karatasi zake, akatafuta, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mzee, darini niliandika sawa na nje. Sehemu isiyotumiwa na watu huwa tunaihesabu hivyo ili kupunguza kazi."

Kosa lilikuwa hapo. Katika karatasi yake, juu ya dari palikuwa na nyuzi 30, kwa hiyo joto la chumba lilikuwa likipanda na kutoka. Katika nyumba yetu, juu ya dari palikuwa na zaidi ya 50, kwa hiyo joto lilikuwa likishuka na kuingia. Hesabu ilikuwa safi, hakukosea kujumlisha. Ila alikuwa amehesabu nyumba nyingine, si ile tunayolala.

JOTO LINAVYOSHUKA

Mhandisi yule alikubali kukaa nasi siku moja nzima katika ofisi ya tawi, akatueleza. Tunawapasha habari kwa maneno yetu.

Jua la mchana katika nchi zetu za ikweta, mbingu ikiwa safi, huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa. Bati kuukuu lenye kutu hulimeza karibu lote. Ndiyo maana bati la kutu huweza kufika nyuzi 60 na kupita.

Sasa joto hilo linafikaje kwetu? Watu wengi hudhani ni hewa ya darini inayopata moto na kutuchoma. Hewa ipo, lakini hewa ya moto hupenda kukaa juu. Kinachoshuka zaidi ni mnururisho. Ni lile joto unalolisikia usoni ukikaa mbele ya tanuru la boila hata kama upepo unavuma kukutoka mgongoni. Haliko katika hewa. Linaruka moja kwa moja kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Bati linaitazama dari kama tanuru linavyomtazama mchochezi.

Na linahesabika. Kanuni yake ilipatikana na Josef Stefan mwaka 1879, ikathibitishwa na Ludwig Boltzmann mwaka 1884. Bati la kutu likiwa nyuzi 60 na dari ikiwa nyuzi 35, kila mita ya mraba ya dari hupokea karibu wati 150 kwa mnururisho peke yake. Chumba chetu kina mita 12 za mraba. Zidisha: ni wati 1,800. Ni sawa na kuwasha pasi mbili za umeme, kuziweka juu ya dari, na kumwambia mtu wa zamu ya usiku alale chini yake.

Sasa angalieni dawa yake. Ukitandika chini ya papi karatasi ya alumini, upande unaong'aa ukitazama chini, alumini ile haitoi mnururisho ila kidogo sana. Kwa nyuzi zile zile, wati 1,800 zinashuka zikawa kama 110. Zile pasi mbili zimekuwa taa moja ya umeme ya zamani. Lakini karatasi hiyo isilazwe juu ya dari ikitazama juu, maana vumbi likiifunika mng'ao unakwisha na kazi yake inakwisha. Isibanwe na bati wala na mbao. Mbele yake lazima pawe na nafasi ya hewa.

KULE KWENYE CHAI, TATIZO NI MAJI

Tulipoandika habari hizi kwa matawi, wenzetu wa mashamba ya chai upande wa Toro walitujibu: sisi shida yetu si joto, shida yetu ni mvua inayonyesha ndani usiku usio na mvua.

Tulikwenda. Mama mmoja mchuma chai alituonyesha dari yake. Ilikuwa na madoa meusi ya kuvu kama ramani, na godoro lake lilikuwa na alama ya maji mahali pa kichwa. Akasema, "Fundi amekuja mara mbili kuziba matundu ya bati. Haoni tundu. Ameniambia labda watoto wanamwaga maji."

Watoto hawamwagi maji darini. Tuhesabu tena.

Mtu aliyelala hutoa unyevu kwa pumzi na ngozi, kiasi cha gramu 40 kwa saa. Watu wanne kwa saa 8 ni gramu 1,280, yaani zaidi ya lita moja ya maji kila usiku, kabla hujabandika sufuria. Chumba cha mita 12 za mraba chenye kimo cha mita mbili na nusu kina hewa mita 30 za ujazo. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Basi chumba kizima hakiwezi kubeba zaidi ya gramu 510. Lita ile haienei. Hapana budi itoke, au igeuke maji.

Inatoka wapi? Usiku wa baridi watu wamefunga madirisha. Mvuke unapita katika nyufa za dari, penye waya wa taa, penye pembe zilizoachana, unapanda darini. Huko juu bati linaungoja. Usiku usio na mawingu bati hulitupia anga joto lake, likawa baridi kuliko hata hewa ya nje. Ndiyo maana mnaona umande juu ya magari asubuhi. Hewa ya nyuzi 20 ikigusa bati la nyuzi 10, bati ambalo pembeni yake hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9, zinazozidi hugeuka matone. Matone hudondoka juu ya dari, dari hulowa, na mbao zikikaa katika hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 80 kwa siku nyingi, kuvu huota. Kuvu na unyevu huwaletea watu kikohozi na kubanwa kifua. Mwenye pumu huzidiwa.

Hapa napo tulikuta kosa la hesabu. Njia ya zamani ya kupima unyevu katika kuta na paa ilitungwa na Mjerumani, Helmut Glaser, mnamo miaka ya 1950. Ni njia nzuri kwa kazi yake, lakini inahesabu tu mvuke unaopenya ndani ya ubao wenyewe, polepole, kwa hali ya hewa isiyobadilika. Haihesabu hewa inayopita katika ufa. Na ufa mmoja wa dari huweza kupitisha mvuke mwingi kuliko ubao wote mzima. Mtu akihesabu dari yetu kwa njia hiyo atapata jibu kwamba ni kavu. Dari isiyo na nyufa ni kweli ni kavu. Nani ameiona katika kambi?

HESABU INAYOFAA INAVYOFANYWA

Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazoweza kuhesabu joto na unyevu pamoja. Moja inaitwa WUFI, ilitoka katika taasisi ya Fraunhofer huko Holzkirchen, Ujerumani. Nyingine ni EnergyPlus ya idara ya nishati ya Marekani, nayo hutolewa bure. Hatuandiki haya ili mkazinunue. Twaandika ili mjue kwamba mwajiri akisema "haiwezekani kuhesabu", inawezekana.

Katika hesabu inayofaa, darini huhesabiwa kama chumba kamili, japo hakina mtu wala mashine ya kupoza. Huachwa kitafute joto lake chenyewe, kati ya bati lililo juu na dari iliyo chini. Kila saa moja kompyuta hupiga mizani: joto lililoingia kwa jua, lililotoka kwa anga, lililochukuliwa na upepo wa kwenye upenu, lililoshuka darini. Halafu mizani ya pili, ya maji: mvuke uliopanda kutoka chumbani, ulioingia kutoka nje, ulioganda kwenye bati, ulionywewa na kenchi na mbao za dari. Mbao hunywa maji usiku na kuyatoa mchana, kwa hiyo saa ya sasa inategemea saa iliyopita. Inafanyika hivyo kwa saa 8,760 za mwaka.

Kompyuta haijui kambi yetu. Inajua inachoambiwa tu. Ikiambiwa bati ni jipya, itahesabu bati jipya. Ikiambiwa chumba kina watu wawili, haitawaona wale watoto watatu. Ndiyo maana kazi hii haimhusu mhandisi peke yake. Mambo ambayo hesabu inayahitaji tunayo sisi.

Basi mjumbe wa tawi akiletewa karatasi za namna hii, aulize:

1. Darini mmeandika joto gani? Limehesabiwa, au limewekwa sawa na nje?

2. Mnururisho kutoka bati kwenda dari umo?

3. Bati limehesabiwa kama jipya au kama lilivyo leo?

4. Nyufa za dari na nafasi za upenu zimepimwa, au zimekisiwa?

5. Mmehesabu watu wangapi kwa chumba, wakilala saa ngapi? Wa zamu ya usiku, wanaolala mchana, wamo?

6. Mmelinganisha jibu na kipimajoto ndani ya nyumba yenyewe?

Swali la sita ndilo kubwa kuliko yote. Karatasi isiyolingana na kipimajoto, karatasi ndiyo ya kurekebishwa.

DAWA YA MIWA SI DAWA YA CHAI

Tuonye jambo moja. Baada ya habari za miwa kuenea, tawi moja la chai lilitaka kudai mabati yapakwe rangi nyeupe. Kwenye miwa rangi nyeupe ni nzuri: inarudisha jua. Lakini bati lililopakwa rangi, hata nyeupe, hutupa joto usiku kuliko bati tupu linalong'aa, likazidi kuwa baridi. Kwenye chai, rangi peke yake ingezidisha matone.

Wengine walisema tutoboe matundu makubwa ya hewa kwenye visusi. Matundu husaidia kutoa mvuke uliopanda kutoka chumbani. Lakini kule ambako hewa ya usiku yenyewe imejaa unyevu, hewa ya nje nayo huganda kwenye bati la baridi. Yafaa kwanza kuziba nyufa za dari, kuupa mvuke wa chumbani njia yake ya kutoka moja kwa moja nje kwa tundu la ukutani, kupeleka jiko nje, na kutandika chini ya mabati karatasi isiyopitisha maji, yenye mteremko, ili matone yakidondoka yaende kwenye upenu, yasije juu ya vichwa vya watu.

Na kwa wale ambao paa zao ni za asbesto: msitoboe, msikate, msisugue, hata kama mwajiri atawapa msumeno. Vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Nyumba hizo zishughulikiwe na mafundi wenye vifaa maalumu.

TULIPOFIKIA

Mhandisi alirudia hesabu, safari hii darini ikiwa chumba. Jibu lake lilikaribiana na vipimajoto vyetu. Tunamshukuru kwa kusema kweli mbele ya aliyemwajiri. Mwajiri alikubali kutengeneza mstari mmoja wa nyumba kwa majaribio: alumini chini ya papi, upenu ukafunguliwa na kuwekwa wavu wa kuzuia popo. Mchana wa jua kali tulipima tena. Chumba kilichotengenezwa kilikaa karibu na joto la nje, na jirani yake wa zamani kikabaki kama tanuri. Wenzetu wa zamu ya usiku wamepewa nafasi ya kwanza katika mstari huo.

Mistari mingine bado. Mwajiri anasema fedha zitatafutwa. Neno "uzembe" bado limo katika faili la mwenzetu wa vidole viwili. Tumeandika barua ya kutaka lifutwe, nasi hatujapata jibu. Kule kwenye chai, yule mama amezibiwa dari na kutobolewa tundu la ukutani, lakini ile karatasi ya chini ya mabati haijaletwa.

Madai haya hatuombi kama sadaka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mashamba makubwa, Namba 110 wa mwaka 1958, una sehemu nzima juu ya nyumba, pamoja na vifaa vya kujengea na hewa ya ndani. Pendekezo Namba 115 la mwaka 1961 linahusu nyumba za wafanyakazi. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliiingiza haki ya mazingira salama na yenye afya kazini katika misingi mikuu ya haki za kazi. Shirika hilo hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 joto litaila dunia asilimia 2.2 ya saa zote za kazi, sawa na kazi za watu milioni 80. Mwajiri anayetaka saa za kazi zisipotee na aanze na saa za usingizi.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa miwa, wa chai, wa viwandani, na ninyi jirani wa ng'ambo ya mpaka mnaosoma ukurasa huu, twawaomba kila tawi lifanye kazi ndogo. Nunueni vipimajoto vitatu: nje, chumbani, darini. Pimeni alfajiri na saa nane mchana kwa wiki mbili. Andikeni katika daftari la shule tarehe, saa, hali ya mbingu, na idadi ya watu waliolala. Kama kuna matone, andikeni usiku gani. Kisha leteni daftari hilo katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja unaofuata.

Tulipokwenda mara ya kwanza tulikuwa na malalamiko tu, tukajibiwa kwa karatasi. Tulipokwenda mara ya pili na daftari, tulisikilizwa.